Mchoro wa Kitambaa cha Kochi ni wa Nani?

Mwanachama mmoja ananunua mtandaoni mchoro wa kitambaa cha kochi, anautupa kwenye grupu la WhatsApp la chama, na kabla wiki haijaisha nusu ya akina mama wa Majengo wanaufuma. Kuna kosa hapo, ila si pale wengi wanapolitafuta.

Kufuma si kosa. Mbinu za kroshia hazina mwenyewe, na viua vya kofia walivyorithishana wazee wa Pumwani hakuna awezaye kuamka leo akadai ni vyake peke yake; sanaa za jadi nchini Kenya zina sheria yake ya mwaka 2016, inayozitambua kuwa za jamii. Kinacholindwa ni kazi ya mtu: maelezo aliyoandika, chati ya vijiraba aliyoichora, picha alizopiga. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataja hata kazi za mikono, mradi aliyeitunga ametoa jasho la kutosha kuipa sura yake yenyewe. Ulinzi huanza kazi inapowekwa kwenye karatasi au simu, bila muhuri wala ada, na kwa maandishi na michoro hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Basi aliyenunua na ajifumie. Kuupiga fotokopi mchoro na kuuuza Gikomba ni kosa, na kuusambaza bure bado ni kusambaza, ingawa hili huwaudhi wanaoliita kusaidiana. Tuma kiungo, kila mtu ajinunulie. Ukitaka kuuza vitambaa vyenyewe, soma masharti yaliyo chini ya mchoro. Usipoyaona, muulize mtunzi.

Wewe mchoraji, tunza rasimu za kwanza, hata zenye madoa ya chai, na usajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO: cheti chake ni ushahidi mkizozana. Dizaini ya bidhaa utakayotengeneza kwa wingi ipeleke KIPI, taasisi inayosajili dizaini za bidhaa, South C, ingali mpya. Ulinzi ni miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili hadi 15.

Pana mtego ambao mafundi huuona wakishachelewa. Mteja akikuagiza umchoree dizaini kwa malipo, sheria humhesabu yeye kuwa mwenye haki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Andikianeni, hata ukurasa mmoja uliotiwa sahihi, kabla hujapokea arbuni.