Kufuli Moja, Programu Mbili: Maswali Kutoka Ghala la Pamba

Simiyu ndiyo kitovu cha pamba ya Tanzania. Tuchukue ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) nje kidogo ya Bariadi, lenye kompyuta yenye programu mbili: ya mzani na ya malipo. Zote zinaandika kwenye hifadhidata moja. Maswali haya ni ya fundi anayezitengeneza.

Nimeijaribu programu yangu kwa nyuzi (threads) ishirini kwa mpigo, haikukosea. Nihofu nini?

Uhofu kwamba ulichojaribu sicho kitakachofanya kazi ghalani. Nyuzi zote huishi ndani ya mchakato mmoja, kwenye kumbukumbu moja, na kufuli lililowekwa humo kila uzi unaliona. Programu ya malipo ni mchakato mwingine, hailioni kabisa. Mkulima ana kilo 300. Mzani unasoma 300 ili uongeze 80. Malipo nayo yanasoma 300 ili yazilipe zote. Malipo yakiandika mwisho, salio ni sifuri na kilo 80 zimepotea. Mzani ukiandika mwisho, salio ni 380 na chama kitalipa pamba ileile mara ya pili.

Kuna mtego mbaya zaidi. Kwenye Linux, kufuli la faili la aina ya fcntl ni mali ya mchakato mzima. Nyuzi mbili za mchakato mmoja zikiliomba, zote hupewa. Tena, uzi wowote ukifunga faili hilo, makufuli yote ya mchakato kwenye faili hilo hufunguka. Hifadhidata ya SQLite imebeba msimbo wa ziada kwa ajili ya kukwepa jambo hili tu. Kwa hiyo anzisha michakato miwili ya kweli. Nyuzi hazitakwambia ukweli.

Nazigonganishaje? Nimeweka subira ya sekunde mbili katikati.

Iondoe. Subira ni kamari: leo inapita, kesho kompyuta ikilemewa inaanguka. Mchakato wa kwanza ushike kufuli, kisha utume ujumbe kwamba umeshika. Hapo ndipo wa pili uombe. Hakikisha huo wa pili unangoja kweli. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL utauona katika orodha ya pg_locks, ombi lake likiwa bado halijakubaliwa. Wa kwanza uachie, uangalie kama wa pili umepata, na kama umesoma salio jipya. Watengenezaji wa PostgreSQL wenyewe hujaribu hivi: huandika hatua za kila upande, kisha huzipanga kwa mifuatano tofauti.

Usisahau mkwamo, kila upande ukishikilia anachokitaka mwenzake. PostgreSQL, isipobadilishwa, hungoja sekunde 1 ndipo ichunguze, kisha huufuta muamala mmoja. Jaribio litarajie mmoja ushindwe na mwingine umalize.

Umeme ukikatika je? Nikichomoa waya, si nimeshajaribu?

Umejaribu diski. Umeme ukikatika michakato yote hufa pamoja, na hakuna anayebaki akingoja. Jaribio la kufuli ni kuua mmoja tu, kwa kill -9, akiwa amelishika. Hili ndilo ninalolithamini kuliko mengine yote, na ndilo linalorukwa zaidi.

Kufuli la faili litaachiwa na mfumo endeshi wenyewe. Kufuli lililo kwenye kumbukumbu ya pamoja laweza kubaki limefungwa daima, isipokuwa ulitengeneza lile gumu (robust), ambalo humwarifu anayefuata kwamba mwenyewe amekufa. Akishaarifiwa, kusafisha ni kazi yake.

Na kufunguka kwa kufuli si kupona kwa data. SQLite ikiuawa katikati ya kuandika huacha faili la jarida, na anayefuata kuifungua hurudisha kurasa za zamani kabla ya kuendelea. Basi ua kabla ya kuandika, katikati, na baada, na kila mara uhesabu kilo.

Faili la SQLite nikiliweka kwenye folda ya mtandao, ofisi nyingine ilifungue pia?

Hapana. Waundaji wa SQLite wenyewe wanaonya kwamba makufuli ya NFS, mfumo wa mafaili ya mtandao, mara nyingi ni mabovu, na hali ya SQLite ya WAL, inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, haifanyi kazi kabisa kupitia mtandao. Weka seva ya PostgreSQL kwenye kompyuta moja, ofisi zote ziiombe yenyewe.