Mtoto haamkii wakubwa

SWALI: Mwanangu wa miaka mitano nimemfundisha kuamkia, lakini wageni wakija anawapita tu. Nikimgombeza analia. Nakosea wapi? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, hujashindwa. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake waliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa kwa nyundo ya mbao, huku akimtolea maneno makali. Hakuna aliyewaambia waige. Walipoachiwa mwanasesere huyo, wengi waliiga, hata maneno yenyewe.

Sasa tazama nyumbani. Baba anaingia simu ikiwa sikioni. Dada anaitikia salamu macho yakiwa kwenye runinga. Mtoto anaona. Chekechea na watoto wa jirani nao wanamfunza, lakini kwa umri wake nyumbani bado kuna nguvu sana.

Kumgombeza mbele ya wageni kunamfundisha kuwaogopa tu. Mshike mkono, amkia wewe kwanza kwa sauti, kisha umpe nafasi. Hata akinong'ona "shikamoo", mgeni amwitikie "marahaba" kwa uchangamfu. Na baba naye aweke simu chini.