Mpira wa Kutembea

Hapa Kigali, tangu mwaka 2016, ziko Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungiwa magari asubuhi, watu wakafanya mazoezi na kupimwa sukari ya damu bure. Kwa wazee wenye kisukari cha aina ya pili napendekeza mpira wa kutembea, ulioanza Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011. Sheria yake kuu: akimbiaye amekosa. Misuli ifanyapo kazi huvuta sukari kutoka damuni, hata kama insulini haifanyi kazi barabara. Lakini atumiaye dawa amwulize daktari kwanza, tena awe na kitu kitamu mfukoni, maana sukari yaweza kushuka mno. Viatu visimbane, kidonda chake hupona polepole. Ninyi mliosoma hapa zamani, msidhani mpira umekwisha kwenu.