Fuvu la Turkana kwenye Simu ya Mtoto

Mtoto akirudi kutoka shule ya Silver Spring au Alexandria na kazi ya visukuku, msikimbilie kupanda treni. Makumbusho ya Historia ya Asili ya Smithsonian, pale Washington, hayatozi kiingilio, lakini mifupa mingi iko nyuma ya vioo, na Jumamosi watu ni wengi. Anzeni nyumbani, kwenye tovuti yao ya chimbuko la binadamu. Humo mna mafuvu yaliyopigwa skani, na mtoto huyageuza kwa kidole: usoni, kisogoni, hata chini, pale shingo ilipoungana.

Tafuteni fuvu lenye namba KNM-ER 3733. KNM ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. ER ni Rudolf Mashariki, kwa jina la kikoloni la Ziwa Turkana. Fuvu hilo aliligundua Bernard Ngeneo huko Koobi Fora mwaka 1975, na umri wake ni zaidi ya miaka milioni 1.5. Lenyewe liko Nairobi. Mwambieni mtoto atazame tuta la mfupa juu ya macho, kisha apapase paji lake mwenyewe na aeleze tofauti. Msimpe jibu upesi, hata kama mnalijua.

Skani za namna hii zimewahi kuwasahihisha wataalamu wenyewe. Mwaka 1905 Smithsonian walisimamisha mifupa ya Triceratops, dinosaria mwenye pembe tatu, mifupa ya kwanza ya aina hiyo kusimamishwa duniani. Ilikuwa mifupa ya kuungaunga, ya wanyama zaidi ya kumi: kichwa kidogo mno kwa mwili ule, nyayo za nyuma za dinosaria wa aina nyingine kabisa! Mwaka 1998 ilipigwa skani mfupa kwa mfupa. Kompyuta ikatengeneza kichwa kinacholingana na mwili, na mwaka 2001 umbo jipya likasimamishwa. Wakampa jina Hatcher, kwa heshima ya John Bell Hatcher aliyeichimba mifupa hiyo.

Mwulizeni mwalimu kama darasa linaweza kutumia hazina huria ya Smithsonian, iliyofunguliwa Februari 2020; picha na maumbo yake hupakuliwa bila kuomba ruhusa.

Baada ya hapo nendeni. Ukumbi wa visukuku ulifunguliwa upya Juni 2019, na Hatcher mtamkuta chini, Tyrannosaurus amemkanyaga na kumng'ata kichwa. Mwacheni mtoto awaeleze wageni wa karibu kichwa hicho kilitoka wapi.