Dawa ya Kukinga Malaria kwa Msafiri: Faida Yake na Gharama Yake

Mwenye akili halishiki jambo wala haliachi ila baada ya kulipima: manufaa yake upande mmoja, na madhara yake upande wa pili. Katika somo hili twataka kuipima hivyo dawa wanayoimeza wasafiri ili kujikinga na malaria, kwani watu wetu wamegawanyika mafungu mawili juu yake. Fungu moja laiona kuwa ni sumu inayomezwa na wageni waoga. Fungu la pili laidhania kuwa ni ngao kamili, ambayo mwenye kuimeza hana haja tena ya chandarua. Mafungu yote mawili yamekosea.

KWANZA: NI NANI ALIYE MGENI?

Nguvu ya mwili ya kuistahimili malaria hupatikana kwa kuugua mara kwa mara tangu utotoni, nayo si kamili. Mtu akihama na kukaa muda mrefu mahali pasipo na maradhi haya, nguvu hiyo hupungua. Basi aliyezaliwa Lamu au Malindi kisha akaishi London miaka mingi, hurudi kwao akiwa karibu na mgeni, na wanawe waliozaliwa huko ni wageni kabisa. Kadhalika waliokulia Imarati, nchi ambayo mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa imeondokana na malaria. Jina la ukoo halimzuii mbu kuuma.

Ushahidi wa haya uko wazi. Huko Uingereza, wengi katika wanaorudi na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwazuru jamaa zao. Mtalii huogopa akameza dawa. Mwenye asili husema, "Kule ni kwetu," akaiacha.

PILI: DAWA ZENYEWE

Klorokwini, waliyoitegemea wazee wetu, vijidudu vya Afrika Mashariki vilianza kuishinda mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya tiba. Msafiri anayekuja huku leo akiitegemea hiyo, ametoa fedha wala hakupata kinga. Zitumikazo sasa ni hizi:

1. Doksisiklini. Humezwa kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya safari hadi wiki 4 baada ya kutoka. Bei yake ni nafuu. Lakini huweza kuchafua tumbo, na huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Yapasa imezwe kwa maji mengi, wala mtu asilale mara moja baada yake. Mwenye kufunga aweza kuimeza kila siku baada ya kufuturu. Hapewi mja mzito wala mtoto mdogo.

2. Atovakwoni pamoja na proguanili. Humezwa kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla, hadi siku 7 tu baada ya kutoka. Udhia wake ni mchache, bali bei yake ni kubwa, na mwenye jamaa wengi huiona mzigo. Haimfai mwenye maradhi makubwa ya figo, na kwa desturi hapewi mja mzito.

3. Meflokwini. Humezwa mara moja kwa wiki, kuanzia wiki 2 au zaidi kabla, hadi wiki 4 baada. Huweza kuleta ndoto mbaya, kizunguzungu, hofu na huzuni; hata mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru liongezwe onyo kali juu yake. Mwenye kifafa au aliyepata kuugua maradhi ya akili asiiguse.

TATU: MIZANI

Gharama za dawa ni fedha, udhia wa kila siku, na madhara ambayo mara nyingi hukoma mtu anapoiacha. Upande wa pili ni malaria ya aina iliyoenea kwetu, ambayo kwa asiye na nguvu ya mwili huweza kugeuka kutoka homa ikawa kupoteza fahamu, kisha mauti, katika muda wa siku chache. Na yakikutana madhara mawili, huchukuliwa lililo jepesi ili kuepukana na lililo zito.

Lakini hukumu si moja kwa watu wote. Atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa siku mbili hana haja ya vidonge, kwani mji ule uko juu na hatari yake ni ndogo. Mkazi wa pwani naye hawezi kumeza vidonge umri wake wote. Ngao yake ni chandarua na kupimwa upesi anapopata homa. Mja mzito anayeishi ng'ambo, akiweza kuiahirisha safari, ni bora aiahirishe. Ama mgeni ajaye pwani, au aendaye Kisumu, Siaya, Homa Bay au Busia kwa wiki kadhaa, huyo upande wa dawa kwake ni mzito zaidi. Na daktari ndiye wa kumchagulia.

NNE: SHUBUHA MBILI

Mtu akiuliza, "Kwa nini niendelee kumeza hali nimekwisha rudi?" jawabu ni kuwa vijidudu hujificha kwanza ndani ya ini wiki moja au zaidi. Doksisiklini na meflokwini huvipiga vinapotoka kuingia katika damu. Basi anayeziacha siku ya kupanda ndege amemwondoa bawabu kabla mwizi hajatoka mafichoni.

Na akisema, "Fulani alimeza na bado akaugua," twamjibu: ni kweli, hakuna dawa ifungayo mlango wote. Kwa hiyo msafiri alale ndani ya chandarua, avae nguo za mikono mirefu tangu jua kuchwa, na apakae dawa ya kufukuza mbu. Akipata homa baada ya wiki moja tangu kufika, au katika miezi mitatu baada ya kurudi, na hata mwaka mzima, apimwe siku ile ile na amwambie daktari alikokuwa, hata kama hakukosa kidonge kimoja.

Enyi wenyeji wa wageni hawa, jamaa zenu wanapokuja kwa arusi na sikukuu, wafungieni chandarua kabla ya kuwatandikia kitanda. Wala msimcheke mtoto wa nduguyenu anapotoa vidonge vyake mezani, kwani mzaha wenu huweza kumfanya aviache, na homa imshike akiwa kwao mbali, mbele ya daktari ambaye pengine hakupata kuona malaria.