Somo la Usalama: Watoto Watatu Katika Kiti cha Nyuma



Tunapozungumza juu ya usalama, mara nyingi tunazungumzia mashine, dawa za mashambani, gamubuti na glavu. Leo tujifunze juu ya usalama wa watoto wetu barabarani. Wengi wetu tunafanya kazi Mbarara au katika mashamba ya wilaya ya Isingiro, na familia zetu zinaishi Misiera, katika makazi ya Nakivale. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kusafiri. Kwa hiyo gari la kukodi kati ya Misiera na Mbarara ni sehemu ya maisha yetu. Tunalipanda kwenda hospitali, sokoni na kuwaona ndugu.

Desturi tunaifahamu. Mtoto hapimiwi nafasi, hupakatwa. Mkubwa analipa nauli, mdogo anakaa mapajani. Kwa desturi hiyo tunaokoa shilingi chache, lakini tunahatarisha roho.

1. Kwa nini kupakata hakutoshi

Tufanye hesabu. Gari linakwenda kilometa 50 kwa saa, ndani yake mama amempakata mtoto wa kilo 10. Gari linagonga lori na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Gari limesimama, lakini mtoto bado anaendelea mbele kwa mwendo ule ule. Ili kumzuia, mikono ya mama ingehitaji nguvu ya kushika mzigo wa kilo 140 hivi, yaani karibu mifuko mitatu ya saruji. Hakuna mikono yenye nguvu hiyo, hata ya mpakuzi wa mizigo. Mgongano huo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10.

Gari likifika kwenye lami na kukimbia kilometa 80 kwa saa, nguvu ya kishindo huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Na mama asiyefunga mkanda humgandamiza mtoto kwa uzito wake mwenyewe. Mtoto aliyebebwa mgongoni naye hubanwa kati ya mama na kiti.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

2. Sheria hupatikana kwa kudai

Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Volvo. Lakini mkanda huo ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo hupita shingoni na tumboni.

Huko Marekani, jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza kulazimisha viti vya watoto garini, na sheria ilianza kutumika mwaka 1978. Aliyeipigania ni daktari wa watoto, Robert Sanders. Hata hivyo wabunge waliacha mwanya: mtoto aliruhusiwa kupakatwa. Daktari huyo hakunyamaza, na mwaka 1981 mwanya huo ukazibwa. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Ndugu zetu waliohamishiwa huko kutoka Nakivale hawawezi kumpandisha mtoto garini bila kiti chake.

3. Namna ya kupanga viti vitatu

Tuchukue mfano wa familia yenye mtoto wa miezi minane, wa miaka mitatu na wa miaka saba, katika gari dogo la saluni.

Kwanza, pima. Pima upana wa kiti cha nyuma kutoka mlango hadi mlango, kisha pima kila kiti cha mtoto mahali kilipo kipana zaidi. Viti vingi vina upana wa sentimeta 44 hivi, na vitatu vinafika sentimeta 132. Katika magari mengi madogo nafasi hiyo ni finyu, na sentimeta mbili tu zinaweza kukwamisha kazi.

Pili, tazama mikanda. Kila mtoto awe na mkanda wake. Kiti cha kumwinua mtoto mkubwa kinahitaji mkanda unaopita begani. Ikiwa katikati kuna mkanda wa kiunoni peke yake, mtoto wa miaka saba akae pembeni.

Tatu, changanya maumbo. Mtoto wa miezi minane aangalie nyuma ya gari, kwa sababu shingo yake bado ni laini. Kiti kinachoangalia nyuma na kile kinachoangalia mbele huwa vipana mahali tofauti, hivyo vikiwekwa jirani hubanana kidogo. Kilicho chembamba kiwe katikati.

Nne, kaza. Weka goti juu ya kiti cha mtoto na vuta mkanda. Kisha kitikise mahali mkanda unapopita: kisisogee zaidi ya sentimeta mbili na nusu.

Tano, hakikisha mtoto mkubwa anaweza kufunga mkanda wake. Kifungio kikifichwa chini ya kiti cha jirani, mpango huo haufai. Upange upya.

Tahadhari: kiti kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa. Mfuko huo ukifumuka unaweza kumwua mtoto. Pia usinunue kiti cha mtumba ambacho hujui kama kimewahi kupata ajali.

4. Asiye na viti

Wengi wetu hatuna viti hivyo. Hiyo si sababu ya kukata tamaa. Watoto wakae nyuma. Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe apewe nafasi yake na mkanda wake. Usimfunge mtoto pamoja na wewe katika mkanda mmoja, kwani utamponda. Ukilazimika kumpakata mchanga, jifunge wewe mwenyewe na ukae nyuma. Usipande gari lililojaza kupita kiasi, na usione haya kumwambia dereva apunguze mwendo.

5. Kazi ya tawi

Mama mmoja akikataa kupanda, dereva atamwacha njiani. Abiria kumi wakikubaliana, dereva atasikiliza. Tawi linaweza kupatana na madereva juu ya nauli ya nafasi ya mtoto. Vikundi vya akiba vinaweza kununua viti viwili au vitatu, vikaazimwa kwa zamu wakati wa safari za hospitali. Na pale mwajiri anapobeba familia za wafanyakazi kwa gari lake, mikanda na nafasi za watoto viingizwe katika madai yetu.

Maswali ya majadiliano

1. Katika gari tunalopanda kwenda Mbarara, mikanda mingapi inafanya kazi?
2. Nauli ya nafasi ya mtoto iwe kiasi gani ili dereva asipate hasara na mzazi aimudu?
3. Nani katika tawi letu atapewa kazi ya kutunza viti vya kuazimana?