Tabibu Mtarajali na Maradhi ya Watoto: Kijitabu cha Wazazi na Walezi

Dibaji

Mzazi aingiaye wodi ya watoto kwa mara ya kwanza, amembeba mwanawe aliyelegea kama kitambaa kilichorowa, aghalabu hapokewi na daktari bingwa mwenye mvi, bali hupokewa na kijana wa koti jeupe, mwenye kalamu mfukoni na daftari dogo mkononi, ambaye humwuliza maswali mengi. Na saa moja haijapita huja mwingine akamwuliza yale yale. Yamkini mzazi akakereka, akasema moyoni kwamba mwanawe amefanywa kitabu cha kusomea. Kijitabu hiki kimeandikwa ili kueleza kijana yule ni nani, ajifunza nini katika mwili wa mtoto, na kwa nini maneno ya mzazi, hata yale ambayo mzazi huona haya kuyatamka, ni sehemu ya elimu ya tabibu na sehemu ya tiba ya mtoto.

1. Kijana mwenye koti jeupe

Katika Tanzania, asomeaye udaktari hukaa chuoni miaka 5, kisha hupelekwa hospitalini kwa mwaka 1 wa utarajali, akizunguka wodi za watu wazima, za upasuaji, za wazazi na za watoto. Mtarajali si mwanafunzi mtupu, kwa kuwa mitihani ya chuo amekwisha kuifaulu. Wala si tabibu kamili, kwa kuwa kila analoliamua hulipitisha mbele ya waliomtangulia. Kwa hiyo maswali yanayorudiwa hayaulizwi kwa dharau wala kwa usahaulifu. Mzazi aliyefika alfajiri, macho mekundu kwa kukosa usingizi, husahau mambo ambayo huyakumbuka amekwisha kukaa na kunywa maji. Na mara nyingi jibu la pili ndilo liliwashalo taa.

2. Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa

Hili ndilo somo la kwanza la wodi ya watoto. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, ilhali wa mtoto mchanga hupiga mara 120 hadi 160 naye hana ugonjwa wowote. Na tabibu asiyelijua hilo angetibu maradhi yasiyokuwapo. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 240 hivi katika mwili wake wote, kiasi kisichojaza chupa moja ya soda, basi damu ichuruzikayo kitovuni, ambayo mtu mzima angeipangusa akaenda zake, kwa mtoto ni hasara kubwa. Dawa yake haikadiriwi kwa kuvunja kidonge cha babake, bali hupimwa kwa uzito wa mwili. Ndiyo sababu huwekwa juu ya mizani kabla hajaandikiwa kitu.

Fauka ya hayo, mgonjwa huyu hasemi. Sikio likimwuma hulivuta. Tumbo likimkata hukunja miguu. Mtoto wa siku chache aweza kuwa na maambukizi makali katika damu bila ya kuwa na homa, mwili wake ukawa baridi badala ya kuwa moto, na dalili pekee ikawa ni kuliacha ziwa. Hakuna chombo hospitalini kitambuacho jambo hilo mapema kuliko mama asemaye, “Tangu jana ananusa tu ziwa, halafu analiacha.”

3. Kuhesabu pumzi

Nimonia ni miongoni mwa maradhi yauayo watoto wengi zaidi duniani, na kipimo chake cha kwanza hakihitaji umeme. Chahitaji saa yenye mshale wa sekunde, na subira. Mtoto wa chini ya miezi 2 akivuta pumzi mara 60 au zaidi kwa dakika, anapumua mbio. Wa miezi 2 hadi 12, mpaka wake ni 50. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, mpaka wake ni 40.

Tutoe mfano. Mtarajali amepokea mtoto wa miezi 10 mwenye kikohozi. Mtoto analia na kupiga mateke. Kijana, kwa haraka ya zamu, anahesabu nusu dakika, anapata 29, anazidisha kwa 2, anaandika 58, na chini yake anaandika nimonia. Daktari bingwa akifika anasoma faili, anamtazama mtoto, kisha anamwambia mama, “Mama, mnyonyeshe kwanza, atulie.” Wanangoja. Mtoto anashiba, anasinzia mapajani, fulana yake inapandishwa hadi kifuani, na wote wawili wanainama kutazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika 1 kamili, bila ya kusema neno. Pumzi ni 44. Tena, chini ya mbavu ngozi haibonyei ndani wakati wa kuvuta pumzi, alama ambayo ingekuwa ya hatari. Mtoto ana mafua na kikohozi cha kawaida, naye haandikiwi dawa ya kuua bakteria, ambayo haingemfaa kitu.

Basi mzazi, ukiona kijana amekaa mbele ya mwanao kimya, macho kifuani kwake, wakati foleni inazidi kurefuka mlangoni, usidhani amezubaa, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe.

4. Kuhara na maji ya mwili

Kuhara humdhuru mtoto zaidi kwa kumkausha maji na chumvi. Tabibu hutazama macho kama yamedidimia, huuliza mkojo wa mwisho ulikuwa saa ngapi, kisha hushika ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, akaivuta kidogo na kuiachia. Ikirudi papo hapo ni heri. Ikisimama kama mkunjo wa kitambaa kwa zaidi ya sekunde 2, mtoto yuko katika hatari kubwa.

Tiba yajulikana na kila zahanati: maji ya chumvichumvi, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, huku mtoto akiendelea kunyonya na kula. Walakini mtarajali mwenye busara haulizi tu, “Ulimpa chumvichumvi?” Huuliza, “Mama, uliichanganya katika chombo gani?” Maana wako waliomimina paketi nzima katika kikombe kimoja cha chai, wakampa mtoto chumvi kali izidishayo kiu na madhara, na wako waliogawa paketi moja mara tatu, wakampa maji yasiyo na nguvu. Kipimo cha paketi ya kawaida ni lita 1 ya maji safi, paketi nzima kwa mara moja, na yasitumike baada ya saa 24. Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena, kijiko baada ya kijiko.

5. Ugonjwa uliogunduliwa na mtarajali

Mwishoni mwa mwaka 1904, katika hospitali moja ya mji wa Chicago huko Marekani, mtarajali aitwaye Ernest Irons alimpokea kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada, akaitazama damu yake kwa darubini, akaona chembe nyekundu zilizorefuka na kupinda, si za mviringo kama ilivyo ada. Alimwonyesha mkuu wake, James Herrick, naye akautangaza ugonjwa huo kwa maandishi mwaka 1910. Ndio huu tuuitao selimundu, au siko seli, kwa kuwa chembe zile zina umbo la mundu.

Wataalamu hawakuwa wamepata kuuandika, lakini haukuwa mpya: katika nchi zetu familia zilikuwa zimezika watoto wao kwa vizazi vingi, bila ya kujua kwamba kifo cha kwanza na cha tatu vilikuwa na sababu moja. Dalili za mwanzo aghalabu hutokea mtoto akiisha kupita nusu mwaka: vidole vya mikono na nyayo huvimba na kuuma, macho huwa ya manjano, damu hupungua mara kwa mara. Ugonjwa huu haurithiwi kwa mama peke yake, wala si aibu ya ukoo mmoja. Baba na mama wakiwa kila mmoja amebeba nusu ya urithi huo, bila ya kuumwa, katika kila mimba pana bahati 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mwenye ugonjwa. Kwa hiyo mtarajali akiuliza, “Mmepata kupoteza watoto wengine?” hatoneshi kidonda kwa ukatili, bali anatafuta uzi uunganishao mambo, nao uzi huo umo mikononi mwa wazazi peke yao.

6. Majina ya nyumbani

Tumefika mahali palipo pagumu kuliko pote. Vitabu vya tiba vina majina yake, na nyumba zetu zina majina yake, na mtoto huweza kufa katikati ya majina hayo mawili.

Bibi mmoja anaketi na mjukuu aliyekonda, nywele zimebadilika rangi, miguu imevimba. Mtarajali anamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Naye anajibu, “Marahaba, mwanangu,” kisha anashusha sauti na kusema, “Huyu amebemendwa.” Muradi wake ni kwamba wazazi wa mtoto wamevunja mwiko wa kutokaribiana kabla hajaacha ziwa, na mtoto ameharibika kwa sababu hiyo. Kijana akicheka, au akasema kwa ukali kwamba huo ni ujinga, bibi hatasema tena, na mama, ambaye tayari ameona haya mbele ya majirani, atamficha mtoto nyumbani mara nyingine. Akinyamaza akasikiliza, atajua kwamba mtoto aliachishwa ziwa ghafula kwa kuwa mama ana mimba changa, na kwamba tangu hapo hula uji mtupu. Katika neno moja la bibi mna nusu ya historia ya utapiamlo huo.

Jambo hili lina ushahidi wa zamani. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika mwaka 1933 habari za watoto wa namna hiyo, na mwaka 1935 akaupa ugonjwa wao jina ambalo wenyeji wa huko, Waga, walilitumia: kwashiorkor, ambalo hufasiriwa kuwa ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa kifuani kwa ajili ya mdogo wake. Akina mama wa huko walikuwa wamekwisha kuiona sababu; yeye aliwasikiliza, na leo madaktari wa dunia nzima hulitamka jina lao.

Degedege nalo ni hivyo. Katika pwani yetu wengi wamesimuliwa kwamba huletwa na pepo ajaye kwa umbo la ndege, na kwamba mtoto huyo akidungwa sindano hufa. Hofu hiyo imechelewesha watoto wengi wenye malaria kali iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka, ambao dawa yao imo katika sindano ile ile iliyoogopwa. Mtoto akishikwa, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimnyweshe kitu, tazama saa, kisha mpeleke hospitali bila ya kupitia kwingine.

Kadhalika yako mambo yanayofichwa: mtoto aliyekatwa kimeo kwa ajili ya kikohozi, aliyeng'olewa yale yaitwayo meno ya plastiki kwa ajili ya homa au kuhara, au aliyenyweshwa dawa ya mizizi. Kimeo hakileti kikohozi, wala jino changa lililo ndani ya ufizi si ugonjwa; jeraha lake ndilo laweza kuleta maambukizi na kuvuja damu. Ikiwa limekwisha kufanyika, sema. Tabibu ajuaye kwamba koo lina jeraha hutafuta mahali panapostahili, na asiyejua hupoteza siku nzima, na mtoto mgonjwa hana siku ya kupoteza.

7. Dalili zisizongoja asubuhi

Alama 4 za kwanza hapa chini zimo katika utaratibu wa kuwatibu watoto uliotungwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990, nao ndio afundishwao mtarajali. Mzazi naye azijue:

– mtoto hawezi kunyonya wala kunywa;
– anatapika kila kitu anachopewa;
– ameshikwa na degedege;
– amelegea kupita kiasi, au hazinduki;
– anapumua mbio, au kifua chake chabonyea ndani;
– ni wa chini ya miezi 2, naye ana homa au mwili wake ni baridi.

Mojawapo ikionekana, iwe usiku wa manane, safari ni ya hospitali.

8. Nasaha

Mtarajali na akumbuke kwamba amekutana na mtoto kwa saa moja, ilhali mama amekaa naye tangu tumboni. Na asiyejua maana ya neno la mama aulize kwa adabu, maana kuuliza hakumpunguzii cheo. Nawe mzazi, uendapo hospitali chukua kadi ya kliniki, na dawa zote ulizompa mtoto, za dukani na za miti, ndani ya mfuko mmoja. Ueleze ugonjwa kwa maneno yako mwenyewe, kama ambavyo ungemweleza dada yako: ulianza siku gani, saa ngapi, na nini kilifanyika kabla ya kufika. Usifiche kitu kwa haya. Na yule kijana wa pili akija na daftari lake kukuuliza yale yale, mjibu tena.